Russell Pearce wa Mesa, na kura ambayo wengi wetu hatuipigi

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Phoenix, Arizona

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi. Najua wengine mmetoka shifti ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, na wengine mmewaacha watoto kwa majirani. Asanteni sana.

Mlioandaa shughuli hii mliniomba nizungumzie siasa za Marekani, na nadhani wengi mlitegemea habari za rais na Ikulu. Huko siendi leo. Nataka tumjadili mtu mmoja ambaye hakuwahi kuwa rais, wala gavana, wala kuchaguliwa kwenda Washington. Alikuwa mjumbe wa Bunge la jimbo tu, kutoka Mesa hapo jirani. Hata hivyo, sheria alizozisukuma ziliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani zaidi ya mara moja, zikaigwa na majimbo mengine, na baadhi yake zinakugusa wewe uliyekaa hapo kila unapoomba kazi au kujiandikisha kupiga kura. Jina lake ni Russell Pearce. Alizaliwa mwaka 1947, akafariki Januari 2023.

Kura ya rais tunaipiga kwa bidii. Tukishaapa uraia, jambo la kwanza tunalouliza ni lini uchaguzi wa rais. Lakini nikiuliza seneta wako wa jimbo ni nani, watu wanatazama chini. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nimemchagua Pearce. Yeye alielewa mapema sana jambo ambalo sisi bado hatujalielewa: kwamba sheria inayomkuta mtu barabarani, kazini na hospitalini mara nyingi inatungwa hapa hapa, na watu wachache, waliochaguliwa na watu wachache.

Tuanze na hilo Bunge lenyewe. Arizona imegawanywa katika maeneobunge 30. Kila eneo linatoa seneta mmoja na wawakilishi wawili. Kwa hiyo Seneti ina watu 30, Baraza la Wawakilishi 60. Wote wanarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Mshahara wao ni dola 24,000 kwa mwaka, ukiacha posho, na haujapanda tangu mwisho wa miaka ya 1990. Humu ndani kuna watu wanaobeba boksi kwenye maghala ya Tolleson wanaopokea zaidi ya huo. Maana yake ni kwamba kazi hiyo wanaiweza watu wa aina fulani: mstaafu, mwenye biashara yake, mtu ambaye mwenzi wake anafanya kazi nzuri. Tena huruhusiwi kukaa zaidi ya vipindi vinne mfululizo katika chumba kimoja. Miaka minane, unatoka, au unavuka kwenda chumba cha pili. Kwa hiyo watu wanaingia na kutoka kila mara, na yule anayekuja akijua anachokitaka, mwenye subira ya kusoma miswada, anawazidi wenzake haraka.

Pearce alijua anachokitaka. Mesa ni mji ulioanzishwa na Wamormoni mwaka 1878, na yeye alikuwa mmoja wao, mtu wa kanisa hilo maisha yake yote. Kabla ya siasa alikuwa askari wa sherifu wa Kaunti ya Maricopa. Mwaka 1977, akiwa kazini Guadalupe, mji mdogo ule unaopakana na Tempe, alipigwa risasi na kijana wa genge, ya kifua na ya mkono, akapoteza kidole. Alirudi kazini. Alipanda cheo mpaka akawa naibu mkuu wa Joe Arpaio, sherifu aliyejulikana dunia nzima kwa kuwalaza wafungwa kwenye mahema jangwani kuanzia mwaka 1993. Pearce alikuwa akisema kwa fahari kwamba wazo la mahema lilikuwa lake. Baadaye aliongoza idara ya leseni za magari ya jimbo, akaachishwa kazi hiyo mwaka 1999, na mwaka uliofuata akagombea ubunge, akashinda.

Kisha Desemba 2004 mwanawe, ambaye naye alikuwa askari wa sherifu, alipigwa risasi akipeleka hati ya upekuzi katika kesi ya mauaji. Aliyempiga alikuwa mhamiaji asiye na makaratasi. Mwana alipona. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimesikia watu wetu wakimzungumzia Pearce kama vile chuki ilimwangukia kutoka mbinguni. Alikuwa na maumivu yake, ya kweli, mwilini mwake na kwa mtoto wake. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyachukua maumivu hayo akayafanya kipimo cha kuwapimia maelfu ya watu ambao hawakumgusa: mama anayefua mashuka hotelini, kijana anayekata majani kwenye nyua za watu. Mwaka 2006 alitaka irudishwe operesheni ya mwaka 1954 iliyowafukuza Wameksiko kwa wingi. Mwaka huohuo aliwasambazia wafuasi wake makala iliyotoka kwa kundi la wabaguzi wa rangi liitwalo National Alliance. Kwa hilo la makala aliomba radhi. Lakini njia aliyokuwa akiifuata hakuibadilisha.

Sasa sikilizeni jinsi alivyofanya kazi, maana hapa ndipo pana somo hasa.

Jambo la kwanza alishika fedha. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi katika Baraza la Wawakilishi, na alipovuka kwenda Seneti akashika kamati hiyohiyo huko. Kila mjumbe ana barabara anayoitaka, shule anayoitaka, mradi alioahidi kwao. Wote wanapita kwa mwenyekiti wa fedha. Kwa hiyo mwenyekiti huyo akija na mswada wake wa uhamiaji, wenzake wanafikiri mara mbili kabla ya kumkatalia. Alikuwa mbana matumizi kwelikweli, na ubanaji huo ulikuwa na watu nyuma yake. Oktoba 2010, katika bajeti iliyopitishwa wakati yeye ni mwenyekiti wa kamati hiyo, AHCCCS, bima ile ya jimbo ambayo wengi wenu mna kadi yake kwenye pochi, iliacha kulipia baadhi ya upandikizaji wa viungo. Wagonjwa wapatao mia moja waliokuwa kwenye foleni wakisubiri ini au pafu wakaambiwa jimbo halitalipa. Wengine walifariki. Huduma ikarudishwa Aprili 2011. Hakuna rais aliyehusika hapo.

La pili, alijua jinsi ya kumzunguka gavana. Kuanzia mwaka 2003 gavana alikuwa Janet Napolitano wa chama cha Democratic, na miswada mingi ya uhamiaji ikifika mezani kwake anaipiga kura ya turufu. Pearce angeweza kulalamika redioni akaishia hapo. Lakini Katiba ya Arizona ina mlango mwingine: Bunge linaweza kupitisha azimio kwa wingi wa kawaida tu, likaliweka moja kwa moja kwenye karatasi ya kura. Gavana hatii sahihi, na kura yake ya turufu haifanyi kazi hapo. Wananchi wakisema ndiyo, imekuwa sheria. Na zaidi ya hapo, tangu mwaka 1998 sheria iliyopitishwa na wapiga kura Bunge haliwezi kuigusa kirahisi. Zinahitajika robo tatu za kila chumba, tena kwa kuendeleza lengo la sheria hiyo, si kuifuta. Mnaona uzito wake? Ukiishinda kura ya siku moja, umejenga ukuta ambao wabunge wa miaka ishirini ijayo watahangaika nao.

Mwaka 2004 alikuwa mstari wa mbele wa Hoja ya 200, iliyomtaka mtu aoneshe uthibitisho wa uraia anapojiandikisha kupiga kura. Hiyo ilikusanyiwa sahihi za wananchi, ikapita kwa asilimia 56. Mwaka 2006 Bunge likapeleka hoja nne kwa mpigo zinazohusu wahamiaji, baadhi yake zikiwa zimeandikwa na Pearce mwenyewe: kuwanyima dhamana wasio na vibali wanaoshtakiwa kwa makosa makubwa, kuwanyima ile fidia ya ziada ambayo mahakama humtoza mkosaji kama adhabu, kufanya Kiingereza lugha rasmi, kuwanyima wanafunzi wasio na vibali ada nafuu ya vyuo vya jimbo. Zote nne zilipita kwa zaidi ya asilimia 70. Zaidi ya sabini! Tusijidanganye kwamba alikuwa mtu mmoja mkali aliyewalazimisha watu. Alikuwa amewasoma wapiga kura wa Arizona vizuri kuliko gavana alivyowasoma.

Na Napolitano naye aliona upepo. Mwaka 2007 alitia sahihi sheria ya Pearce ya waajiri: anayeajiri kwa kujua mtu asiye na kibali anasimamishiwa leseni ya biashara, akirudia anafutiwa kabisa, na kila mwajiri lazima akague wafanyakazi wapya kwa mfumo wa E-Verify. Ile fomu ya I-9 mnayojaza siku ya kwanza kazini, halafu mtu wa ofisini anaingiza namba zako kwenye kompyuta na wewe unasubiri moyo unadunda ingawa makaratasi yako ni safi kabisa? Huo ulazima wa kukaguliwa kwenye kompyuta, kwa Arizona, ni mkono wa Pearce. Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani kilikwenda mahakamani, na mwezi Mei 2011 Mahakama ya Juu ikaiacha sheria isimame, majaji watano kwa watatu. Huo ulikuwa ushindi wake mkubwa kuliko wote, na watu hawaukumbuki kwa sababu kelele zote zilikuwa kwenye sheria nyingine.

Hiyo nyingine ndiyo SB 1070.

Januari 2009 Rais Obama alimchukua Napolitano awe waziri wa usalama wa ndani. Arizona wakati huo haikuwa na naibu gavana. Katiba ilimtaja katibu wa jimbo ndiye mrithi. Katibu alikuwa Jan Brewer, wa Republican. Kwa uteuzi uliofanyika Washington, ile kalamu iliyokuwa ikiizuia miswada ya Pearce ikahamia kwa mtu wa chama chake. Pearce naye mwezi huohuo ndiyo anaingia Seneti, miaka yake minane katika Baraza la Wawakilishi imekwisha. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Aprili, Brewer akatia sahihi mswada wa Pearce unaomruhusu mtu mzima kubeba bunduki iliyofichwa bila kibali. Wiki moja baadaye, tarehe 23 Aprili 2010, akatia sahihi SB 1070. Kabla tu ya hayo, mwezi Machi, mfugaji mmoja aliyekuwa na shamba karibu na mpaka aliuawa, na mauaji hayo yalizidisha hasira jimbo zima.

Mswada wenyewe Pearce aliuandaa kwa msaada wa Kris Kobach, mwanasheria wa Kansas. Kifungu chake cha kwanza hakifichi kitu: kinasema nia ni kuwapunguza watu wasio na vibali kwa kuwabana na sheria. Yaani wakose kazi, wakose raha, waogope kutoka nje, mpaka waondoke wenyewe. Nimekisoma mara nyingi, na kila mara nashangazwa na utulivu wa lugha yake.

Tukitazame kile kifungu cha pili, kwa sababu ndicho kilichobaki. Umetoka kazini saa sita usiku, uko kwenye barabara kuu ya I-17, taa moja ya nyuma ya gari haiwaki. Polisi anawasha taa zake, unaegesha. Sheria inasema: polisi akiwa amemsimamisha mtu kihalali kwa kosa jingine, na akawa na shaka yenye msingi kwamba yupo nchini kinyume cha sheria, lazima afanye juhudi ya kuhakiki hali yake. Ukitoa leseni halali ya Arizona, unahesabiwa upo kihalali. Wiki moja baada ya kutiwa sahihi, Bunge lilirekebisha maneno ili polisi asitumie rangi ya mtu kama kigezo. Lakini niambieni, usiku huo barabarani, lafudhi yako ikimgonga polisi sikioni, hiyo shaka yenye msingi inatoka wapi? Mkimbizi wa Kongo au Burundi ana haki ya kuwa hapa tangu siku aliposhuka uwanja wa ndege. Sheria haikumlenga yeye. Lakini polisi hajui hilo mpaka ameuliza, na kuuliza ndiko kunakomtia mtu hofu.

Vifungu vingine vilikwenda mbali zaidi. Kutembea bila hati za uhamiaji kukawa kosa la jimbo. Asiye na kibali kutafuta kazi kukawa kosa. Polisi akaruhusiwa kumkamata mtu bila hati ya mahakama kwa kuamini tu kwamba ametenda kosa la kumfanya afukuzwe nchini. Tarehe 28 Julai 2010, siku moja kabla sheria haijaanza kutumika, Jaji Susan Bolton wa mahakama ya shirikisho hapa Phoenix alizuia vifungu vikuu. Juni 2012 Mahakama ya Juu ilivifuta hivyo vitatu nilivyovitaja, ikisema uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, na kile cha kumhakiki mtu barabarani ikakiacha kwa wakati ule. Mwaka 2016, katika kumaliza kesi iliyofunguliwa na mashirika ya kiraia, mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa mwongozo kwamba polisi asirefushe kumshikilia mtu kwa ajili ya kukagua uhamiaji tu. Huo mwongozo ulidaiwa kwa miaka sita mahakamani. Haukuja kwa huruma ya mtu.

Turudi nyuma kidogo, Novemba 2010. Pearce yuko kileleni. Alabama, Georgia, South Carolina, Indiana na Utah zitaiga sheria yake mwaka unaofuata. Republican wamepata viti 21 kati ya 30 vya Seneti, na wenzake wanamchagua kuwa Rais wa Seneti. Akafungua kikao Januari 2011, siku mbili baada ya Mbunge Gabrielle Giffords kupigwa risasi Tucson. Akaja na miswada mingine mitano: mmoja wa kuwahoji wagonjwa hospitalini, mingine ya kugusa uraia wa watoto wanaozaliwa hapa kwa wazazi wasio na vibali.

Tarehe 17 Machi 2011 miswada yote mitano iliangushwa ndani ya Seneti yake mwenyewe, siku moja. Viti 21 kati ya 30, na bado ikaanguka! Siku chache kabla, wakuu wa makampuni wapatao sitini wa Arizona walikuwa wameandika barua kusema imetosha. Hoteli zilikuwa zimepoteza mikutano, wateja wa majimbo mengine walikuwa wamesusa. Warepublican wenye biashara waliona hasara kwenye vitabu vyao. Sitawasifu kupita kiasi. Wengi wao walinyamaza wakati watu walipokuwa wakiogopa kupeleka watoto shule, wakafungua mdomo fedha ilipopungua. Hata hivyo walifungua.

Na wakati huo huko Mesa, watu walikuwa wakigonga milango.

Hapa lazima niwape historia kidogo. Arizona ilipotaka kuwa jimbo kamili, katiba yake iliwapa wananchi haki ya kumwondoa kiongozi yeyote kabla ya muda wake, hata jaji. Rais Taft alikataa mwaka 1911 kwa sababu ya hao majaji. Arizona ikakifuta kifungu, ikapokewa tarehe 14 Februari 1912, na Novemba mwaka huohuo wananchi wakakirudisha. Nayapenda sana hayo. Ndugu zetu Wakenya mnajua kwamba Katiba yenu ya 2010, kifungu cha 104, nayo inampa mpiga kura haki ya kumwondoa mbunge. Lakini masharti yaliyowekwa na sheria ya uchaguzi yalikuwa mazito kiasi kwamba Mahakama Kuu ilifuta baadhi yake mwaka 2017. Hapa Arizona mlango uko wazi: kusanya sahihi sawa na robo ya kura zilizopigwa kwa nafasi hiyo uchaguzi uliopita, kwa siku 120. Kwa mbunge huhitaji hata kusubiri miezi sita kama kwa viongozi wengine.

Eneo la Pearce lilikuwa na kura zipatazo 31,000. Robo yake, sahihi 7,756. Kikundi kilichojiita Citizens for a Better Arizona kilianzishwa na Randy Parraz, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi na Mdemocrat, pamoja na Chad Snow, mwanasheria wa Republican na Mmormoni. Watazameni hao wawili pamoja. Tarehe 31 Mei 2011 walipeleka sahihi zaidi ya 18,000. Zilizothibitishwa zilikuwa 10,365. Pearce angeweza kujiuzulu. Alikataa, na kusema kweli namheshimu kwa hilo. Mfuasi wake mmoja alikwenda mahakamani kupinga zile sahihi, akashindwa.

Kura yenyewe ya aina hiyo haiulizi ndiyo au hapana. Ni uchaguzi mpya kabisa, wagombea wote kwenye karatasi moja, bila kura ya mchujo ya chama. Kumbukeni hilo. Katika uchaguzi wa kawaida Mesa ya Magharibi, anayeshinda mchujo wa Republican ameshashinda. Safari hii Mdemocrat, asiye na chama na Mrepublican wote walishika karatasi ileile siku ileile. Na aliyesimama kupambana na Pearce alikuwa Jerry Lewis, Mrepublican, mhasibu aliyekuwa akifanya kazi katika uongozi wa shule, na kiongozi wa kanisa la Wamormoni hapohapo Mesa. Kule Utah, Novemba iliyotangulia, viongozi wa dini na biashara walikuwa wametia sahihi tamko la kutaka wahamiaji watendewe kwa utu na familia zisivunjwe, na Kanisa la Mormoni likaliunga mkono. Kwa hiyo muumini wa Mesa aliyekuwa na mashaka moyoni kuhusu Pearce alipata pa kusimama bila kuacha chama wala kanisa.

Akatokea mgombea wa tatu, mama mwenye jina la Kihispania, ambaye jaji aligundua kwamba wafuasi wa Pearce ndio waliompeleka ulingoni ili agawe kura za Walatino. Alijitoa mwezi Oktoba. Tarehe 8 Novemba 2011 Lewis alishinda waziwazi. Pearce akawa rais wa kwanza wa Seneti ya jimbo katika historia ya Marekani kuondolewa kwa njia hiyo, na mjumbe wa kwanza wa Bunge la Arizona.

Mwaka 2012 alijaribu kurudi. Safari hii hakukuwa na karatasi ya pamoja, ilikuwa kura ya mchujo ya Republican, uwanja wake wa nyumbani, na akashindwa tena, na Bob Worsley, mfanyabiashara. Mwaka 2014 alijiuzulu umakamu mwenyekiti wa chama jimboni baada ya kusema redioni kwamba wanawake wanaopokea msaada wa matibabu wa serikali wafungwe uzazi. Baada ya hapo hakushika tena cheo cha kuchaguliwa.

Lakini kazi yake haikuondoka naye. Ile hoja ya dhamana mahakama iliifuta mwaka 2014. Ile ya uthibitisho wa uraia ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2013, na kwa uamuzi ule Arizona mpaka leo ina wapiga kura wa aina mbili: waliotoa uthibitisho, wanaopiga kura zote, na wasiotoa, wanaopiga za kitaifa tu. Ukiwa raia mpya na fomu yako haikuambatana na namba ya cheti cha uraia, unaweza kujikuta upande wa pili, unampigia rais lakini humpigii seneta wa jimbo. Kagueni hilo kabla ya uchaguzi, sio siku ya uchaguzi. Ile ya ada ya vyuo ilihitaji kura nyingine ya wananchi kuilegeza, mwaka 2022, baada ya miaka kumi na sita, ikapita kwa asilimia 51. Fikirini vijana waliomaliza sekondari katika miaka hiyo kumi na sita.

Na mwaka 2024, Pearce akiwa ameshazikwa, Gavana Katie Hobbs wa Democratic alipiga kura ya turufu mswada wa kuwapa polisi wa jimbo uwezo wa kumkamata anayevuka mpaka pasipo ruhusa. Bunge likachukua yale mambo, likayaweka kwenye karatasi ya kura likimpita gavana. Hoja ya 314, ikapita kwa zaidi ya asilimia 60, ingawa sehemu yake kuu ilifungwa mpaka mahakama ziamue kuhusu sheria kama hiyo ya Texas. Ni njia ileile ya mwaka 2006, hatua kwa hatua.

Kabla ya maswali, mambo mawili ya kutendea kazi. Wengi wenu mmejiandikisha bila chama. Mnaruhusiwa kupiga kura ya mchujo ya wabunge wa jimbo. Unachagua karatasi ya chama kimoja tu. Kama mnapigia kura nyumbani kwa posta, lazima uombe hiyo karatasi, haiji yenyewe. Na la pili, Bunge lina mfumo wa kutoa maoni juu ya mswada wowote ukiwa kwako, unaoitwa Request to Speak. Akaunti inafunguliwa mara moja kwa kwenda kwenye mashine zao pale Bungeni. Kikao kinaanza Jumatatu ya pili ya Januari. Nina gari la watu saba. Wanaotaka twende pamoja kufungua akaunti, andikeni majina kwenye karatasi ile pale mlangoni.

Haya, mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja AHCCCS. Karibu mama.